Habari Zilizobebwa na Miguu

Ijumaa ya tarehe 28 Februari 1975, muda mfupi kabla ya saa tatu asubuhi, treni iliyotoka Drayton Park iliingia katika stesheni ya Moorgate, katikati ya jiji la London, bila kupunguza mwendo. Moorgate ndiyo iliyokuwa mwisho wa safari. Treni ilipita jukwaa lote mbele ya macho ya watu waliokuwa wakisubiri, ikaingia kwenye kipande cha handaki kisicho na tundu la kutokea, ikagonga ukuta. Behewa la kwanza, lililokuwa na urefu wa mita 16 hivi, lilikunjamana likabaki na mita 6. Watu 43 walikufa, dereva akiwa mmoja wao.

Kazi ya kuwatoa majeruhi na maiti ilichukua siku kadhaa. Kule chini palikuwa na giza, masizi meusi na joto lililozidi kupanda, kwa sababu hakuna treni iliyokuwa ikipita kusukuma hewa. Zimamoto walikata vyuma huku madaktari wakitambaa kati ya viti vilivyovunjika kuwafikia waliobanwa. Aliyetaka kitu kutoka juu hakuweza kukiomba kwa redio, maana redio hazikusikilizana kutoka handakini hadi barabarani. Ujumbe ulipelekwa na watu waliokimbia kupanda ngazi. Daktari mmoja aliomba mitungi zaidi ya Entonox, gesi ya kutuliza maumivu. Ombi lilipita kinywa hadi kinywa, na lilipofika juu lilikuwa limegeuka: aliyelipokea alisikia kwamba madaktari wanataka sanduku tupu.

Kisa hicho ndicho ninachokiona kuwa mwanzo wa kweli wa habari ya simu na intaneti katika reli ya chini ya ardhi ya London. Leo mambo haya huelezwa kama starehe ya abiria anayetaka kutazama video akielekea kazini. Lakini kabla hayajawa starehe yalikuwa suala la uhai, na London ilikumbushwa hivyo mara tatu katika muda wa miaka 30.

Mahandaki yenyewe ndiyo yaliyoamua mambo mengi. Njia ya kwanza ya reli ya chini ya ardhi duniani, Metropolitan Railway, ilifunguliwa London tarehe 10 Januari 1863, kati ya Paddington na Farringdon. Wajenzi walichimba mtaro barabarani, wakalaza reli, kisha wakaufunika. Mahandaki ya namna hiyo ni mapana, na hayako mbali na uso wa ardhi. Mwaka 1890 ikaja City and South London Railway, na hapo mambo yakabadilika. Njia hii ilichimbwa chini kabisa, ndani ya udongo wa mfinyanzi ulio chini ya jiji, kwa umbo la duara, na kuta zake zikashikiliwa na pete za chuma cha kusubu. Mahandaki mengi ya kina yaliyofuata yana kipenyo cha mita 3.6 hivi. Treni hulijaza handaki karibu lote, na kati ya ubavu wa behewa na ukuta hakuna nafasi ya mtu kusimama. Ndiyo maana wakazi wa London waliiita reli yao Tube, na jina likakaa.

Mawimbi ya redio hupata taabu mahali kama hapo. Mfinyanzi wa mita 20 au 30 huyazuia yasishuke kutoka kwenye minara ya juu, na antena ikiwekwa stesheni, mawimbi yake husafiri kidogo handakini, hukutana na kona, kisha hukutana na treni yenyewe, ambayo ni chuma kilichoziba njia. Kwa hiyo kwa miongo mingi madereva walitumia kitu kingine kabisa. Kwenye ukuta wa handaki, usawa wa dirisha la dereva, zilipita nyaya mbili za shaba zisizo na gamba. Treni ikikwama, dereva alifungua dirisha, akanasisha simu yake ya mkono kwenye nyaya hizo na kuzungumza na mwongoza treni. Akitaka umeme wa reli ukatwe haraka, alizibana nyaya hizo mbili zikagusana, na umeme ukakatika. Ulikuwa ufundi mzuri sana, usiohitaji mitambo mingi. Udhaifu wake ni kwamba ulimsaidia dereva peke yake, tena akiwa amesimama, nyaya zikiwa nzima, na mwenyewe akiwa hai.

Dawa ya tatizo hili ilipatikana, na sehemu kubwa ya maarifa yake ilitoka migodini. Wachimba makaa ya mawe wa Ulaya walikuwa na shida ileile ya giza, kona na miamba, na katika miaka ya 1950 na 1960 wahandisi walitafuta namna ya kupeleka redio mahali ambapo antena haifai. Kebo ya kawaida ya redio ina waya wa katikati, kisha gamba la kuhami, kisha ala ya chuma inayozuia mawimbi yasitoke nje. Wao waliitoboa ala hiyo kwa makusudi, vitundu kwa mpangilio, katika urefu wote wa kebo. Mawimbi yakawa yanavuja kidogo kidogo kila mahali kebo inapopita, kama mpira wa kumwagilia bustani uliotobolewa. Ukiilaza kebo hiyo ukutani kutoka stesheni hadi stesheni, handaki zima hupata mawasiliano, kona na treni zisiwe kizuizi tena. Hadi leo ndiyo njia kuu ya kupeleka simu kwenye mahandaki ya reli duniani kote. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu linaondoa udhuru mmoja: ujuzi ulikuwepo mapema. Kilichokosekana ni mtu wa kuambiwa kwamba kazi hii ni yake.

Tarehe 18 Novemba 1987, saa moja na nusu jioni, abiria mmoja katika stesheni ya King's Cross aliona moto mdogo chini ya ngazi ya umeme inayotoka kwenye majukwaa ya laini ya Piccadilly. Ngazi hizo zilikuwa za mbao, na chini yake palikuwa pamejaa grisi, vumbi na takataka za miaka mingi. Askari polisi wa reli aliyefika hapo alitaka kuita zimamoto. Redio yake haikufanya kazi chini ya ardhi, kwa hiyo ilimbidi apande hadi juu ndipo ujumbe wake upite. Dakika zilizopotea haziwezi kurudishwa, na dakika ndizo zilizokuwa chache usiku ule. Zimamoto wa kwanza waliingia ndani. Saa mbili kasorobo moto uliokuwa ukionekana mdogo ulilipuka ghafla kupitia mfereji wa ngazi na kuujaza ukumbi wa tiketi juu. Watu 31 walikufa. Mmoja wao alikuwa Colin Townsley, afisa wa kituo cha zimamoto cha Soho, aliyekuwa ameongoza kikosi chake kushuka.

Serikali ilimteua mwanasheria Desmond Fennell kuchunguza. Ripoti yake ya Novemba 1988 ilikuwa na mapendekezo 157, na mengi yalitekelezwa: mbao ziliondolewa, vifaa vya kugundua moto viliwekwa, wafanyakazi walifundishwa upya, na mwaka 1989 zikapitishwa kanuni kali za moto kwa stesheni zote za chini ya ardhi. Kuhusu redio, Fennell alitaka watu wa uokoaji waweze kusemezana wakiwa chini. Polisi wa reli walipewa mfumo wao. Zimamoto, wahudumu wa magari ya wagonjwa na polisi wa jiji waliendelea kushuka na redio zinazokufa ngazini. Kila taasisi ilikuwa na bajeti yake, na kila moja iliweza kusema kwa haki kwamba mahandaki si mali yake. Kampuni ya reli nayo ilitia saini mkataba mkubwa wa redio za kidijitali mwaka 1999, mradi ulioitwa Connect, na mradi huo ukachelewa mwaka baada ya mwaka.

Ukiuliza ni nini hasa kilichowafanya wangoje, jibu haliko katika nyaraka za ufundi. Moto ulikuwa umesahauliwa. Ngazi za mbao zilionekana kwa macho, kwa hiyo ziling'olewa. Ukimya wa redio hauonekani mpaka siku ya shida.

Siku hiyo ilifika tarehe 7 Julai 2005. Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi mabomu matatu yalilipuka karibu kwa wakati mmoja ndani ya treni za chini ya ardhi: moja karibu na Aldgate, moja Edgware Road, na moja kwenye laini ya Piccadilly kati ya King's Cross na Russell Square. La nne lililipuka saa moja baadaye ndani ya basi, Tavistock Square. Watu 52 waliuawa, nusu yao katika treni ya Piccadilly, ile iliyokuwa kwenye handaki la kina, jembamba, lenye watu wamesongamana. Hapo mlipuko uliharibu hata kebo ya redio ya treni, na mawasiliano ya dereva yakakatika. Abiria walikuwa na simu mfukoni. Wengine walipiga picha katika moshi ule, na picha moja iliyopigwa handakini ilizunguka dunia nzima siku hiyohiyo. Lakini hakuna simu iliyoweza kutoka mule kumwambia mtu yeyote kwamba kuna watu wanakufa. Habari ilibidi itembee na mwenye nayo hadi kwenye hewa ya nje.

Kwa saa nzima ya kwanza wakubwa waliokuwa juu hawakujua vizuri ni treni ngapi zimepigwa wala ziko wapi, maana majeruhi walitokea kwenye stesheni mbili kwa kila bomu la handakini. Zimamoto walipanga watu wa kukimbia: mmoja anashuka na amri, mwingine anapanda na majibu. Ilikuwa Moorgate tena, baada ya miaka 30.

Mwaka 2006 kamati ya Baraza la London ilitoa ripoti, na lugha yake haikuficha kitu. Ilisema haikubaliki kwamba miaka 18 baada ya uchunguzi wa King's Cross, ukiacha polisi wa reli, vikosi vya uokoaji bado haviwezi kuwasiliana kwa redio chini ya ardhi. Ripoti hiyohiyo ilifichua jambo jingine. Siku ya mabomu mitandao ya simu juu ya ardhi ilizidiwa na wingi wa watu waliokuwa wakiwatafuta ndugu zao, na polisi wa eneo la City waliamuru mtandao wa kampuni moja ufungiwe umma kwa saa kadhaa kuzunguka Aldgate, ili laini zibaki kwa watu wa uokoaji wenye kadi maalumu. Baadhi ya watu wa uokoaji hawakuwa na kadi hizo. Nao wakafungiwa.

Safari hii pesa zilipatikana. Mfumo wa redio wa Airwave, uliokuwa tayari ukitumiwa na polisi wa nchi nzima, ulishushwa kwenye stesheni za chini ya ardhi za London, na kufikia mwanzoni mwa 2009 kazi ilikuwa imekamilika. Tangu ripoti ya Fennell ilikuwa imepita miaka 20. Mimi nahesabu tarehe hiyo, kuliko tarehe yoyote ya Wi-Fi au 4G, kuwa ndiyo siku mawasiliano yalipofika chini ya London.

Abiria wa kawaida alikuwa bado nje ya mpango. Simu za mkononi zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1985, na kwa miaka 27 mteja alizoea kuiona simu yake ikifa kila aliposhuka ngazi. Kampuni za simu hazikuona faida. Kufunga mitambo handakini ni ghali kupita kiasi, na safari ya abiria chini huko ni ya dakika chache. Baada ya Madrid, ambako Machi 2004 magaidi walitumia simu kulipua mabomu kwenye treni, kulikuwa pia na hofu kwamba kupeleka mtandao chini ni kumpa muuaji kifaa. Hofu hiyo ilieleweka, ila mabomu ya London yalilipuliwa kwa mkono, mahali pasipo na mtandao wowote.

Msukumo ulitoka kwenye michezo. London ilikuwa iandae Olimpiki ya 2012, na meya Boris Johnson alitaka wageni wakute jiji la kisasa. Mpango wa kuleta simu mahandakini kabla ya michezo, ambao Huawei ya China ilikuwa tayari kuutolea vifaa, ulivunjika mwaka 2011. Muda haukutosha na gharama za ufungaji zilikuwa kubwa. Badala yake likachukuliwa jambo jepesi zaidi. Novemba 2010 Wi-Fi ilikuwa imejaribiwa katika stesheni ya Charing Cross. Juni 2012 kampuni ya Virgin Media iliiwasha katika stesheni za kwanza, King's Cross ikiwemo, na ilipofika mwisho wa mwaka stesheni nyingine nyingi zilikuwa zimepata huduma. Wakati wa michezo ilikuwa bure kwa kila mtu. Ilifika kumbi za tiketi, ngazi na majukwaa, handakini haikuingia. Watu walijifunza mwendo mpya: kusoma ujumbe jukwaani, kuujibu gizani, na kuutuma mlango ukifunguka stesheni inayofuata.

Wi-Fi ile ilileta kitu ambacho abiria hawakukifikiria. Simu nyingi zilizowashwa Wi-Fi ziliita mitambo iliyo karibu kwa namba ya utambulisho, hata kama mwenyewe hajajiunga. Kwa wiki nne, kuanzia 21 Novemba hadi 19 Desemba 2016, mamlaka ya usafiri, Transport for London, ilikusanya miito hiyo katika stesheni 54 za katikati ya jiji, baada ya kuzigeuza namba zisimtambulishe mtu. Ilipata vipande milioni 509 vya taarifa kutoka vifaa milioni 5.6. Hadi hapo mamlaka ilijua abiria ameingia wapi na ametoka wapi, kwa sababu ya kadi yake ya nauli, lakini njia aliyopita chini ilikuwa ya kukisia. Sasa ilionekana kwamba kutoka King's Cross hadi Waterloo watu walitumia njia 18 tofauti. Kwa mpanga ratiba hiyo ni hazina: unajua msongamano unazaliwa wapi kabla haujafika jukwaani. Ukusanyaji wa kudumu ulianza Julai 2019, na matangazo yakabandikwa stesheni yakisema asiyetaka kuhesabiwa azime Wi-Fi ya simu yake. Naona mamlaka ilifanya vizuri kuwaambia watu waziwazi. Lakini tujue kwamba yule anayetupa njia ya kusema chini ya ardhi anapata pia njia ya kutuona.

Anapata hata uwezo wa kutunyamazisha. Tarehe 11 Agosti 2011, huko San Francisco, wasimamizi wa reli ya BART walizima mitambo ya simu katika stesheni kadhaa za katikati ya jiji ili kuwazuia watu waliopanga kuandamana majukwaani kupinga mauaji ya mtu aliyepigwa risasi na polisi wa reli hiyo. Abiria wengi wasiohusika walijikuta bila simu, hata ya kuita msaada. Marekani ilishtuka, Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ikaingilia, na kabla ya mwaka kwisha BART ikajiwekea masharti makali ya lini inaweza kufanya hivyo tena. Msomaji wa Kampala aliyekaa siku kadhaa bila intaneti Januari 2021, wakati wa uchaguzi, hahitaji kufafanuliwa kwa nini swichi ya namna hiyo inafaa kuwekewa sheria kabla haijafungwa ukutani.

Mwaka 2020 London iliingia kwenye mahandaki yenyewe. Machi mwaka huo simu za 4G ziliwashwa kwenye nusu ya mashariki ya laini ya Jubilee, kati ya Westminster na Canning Town. Kwa mara ya kwanza abiria wa Tube aliweza kuendelea kuzungumza kati ya stesheni na stesheni. Wiki hiyohiyo jiji lilikuwa likijifungia kwa ajili ya Covid, na treni zilipita zikiwa karibu tupu. Nauli zilikatika, na mamlaka iliyotegemea nauli kuliko karibu reli zote kubwa za Ulaya ikabaki na deni. Haikuwa na fedha za kujenga mtandao.

Kwa hiyo Juni 2021 ilitoa mkataba wa miaka 20 kwa kampuni ya BAI Communications, ambayo mwaka 2023 ilibadilisha jina kuwa Boldyn Networks. Kampuni hujenga kwa fedha zake, huzitoza kampuni za simu kwa kutumia mitambo hiyo, kisha hugawana mapato na mamlaka. Mmiliki mkubwa wa kampuni hiyo ni mfuko wa pensheni wa Kanada. Uzeeni mwa mwalimu wa Toronto kuna sehemu ya mtandao wa mahandaki ya London. Ubora wa mpango huu ni kwamba handaki jembamba halivumilii kebo nne za kampuni nne. Panawekwa mtambo mmoja, na wote hupita humo. Wasomaji wa Tanzania na Kongo wanaujua utaratibu huo juu ya ardhi, ambako mnara mmoja wa Helios Towers hubeba antena za kampuni zinazogombania wateja walewale.

Toronto ilionyesha mpango huo unavyoweza kukwama. Huko BAI ilipewa kazi mwaka 2012, ikafunga mitambo, lakini kampuni kubwa za simu za Kanada zilikataa kujiunga. Ni moja ndogo tu iliyokubali. Kwa miaka mingi kebo zilikuwepo, mawimbi yalikuwepo, na abiria wengi walibaki na simu zilizokufa, kwa sababu ya ubishi wa bei. Mashambulizi dhidi ya abiria yalipoongezeka, hasira ya umma ilipanda. Aprili 2023 kampuni ya Rogers iliununua mtandao ule, na baadaye mwaka huohuo serikali ya Kanada ikatoa amri kwamba wateja wa kampuni zote wahudumiwe. London iliepuka aibu hiyo: EE, Three, Vodafone na O2, zote nne, zilitia saini.

Kilichobaki ni kazi ya mikono, na watu wanaoifanya hawajulikani hata kwa sura. Reli ikifungwa usiku wa manane, mafundi husubiri umeme ukatwe, huhakikisha umekatwa kweli, kisha hutembea na mizigo yao hadi mahali pa kazi. Kabla treni za alfajiri hazijaanza ni lazima wawe wametoka, na kila chombo kimehesabiwa. Katika dirisha la saa nne hivi, muda wa kufunga kebo yenyewe ni mdogo sana. Kanuni zilizozaliwa na moto wa King's Cross huwafuata hatua kwa hatua: kila kebo, kila kishikizo na kila boksi lazima viwe vya aina isiyotoa moshi mwingi vikiungua. Joto la mitambo nalo ni tatizo, kwa hiyo mitambo mikubwa huwekwa kwenye majengo nje ya mahandaki na kuunganishwa kwa nyaya za nuru. Kwa ujumla zinahitajika zaidi ya kilomita 2,000 za kebo. Abiria anayelalamika kwamba laini yake bado haijafikiwa angefaa kukumbuka kwamba anapolala kuna watu wanaivuta kwa mabega.

Mwishoni mwa 2022 huduma iliingia kwenye kipande cha laini ya Central, kati ya Holland Park na Queensway. Mwanzoni mwa 2023 ikafuata laini ya Northern, kuanzia Archway kuelekea katikati ya jiji. Tangu hapo imeendelea kuongezeka kipande kwa kipande. Ahadi ya kwanza ilikuwa stesheni na mahandaki yote yafikiwe kabla ya mwisho wa 2024. Mwaka huo ulikwisha kazi ikiwa bado inaendelea.

Kebo hizohizo zimepangwa pia kubeba mtandao mpya wa vikosi vya uokoaji vya Uingereza, unaoitwa ESN, ambao utampa zimamoto aliye handakini sauti, picha na ramani kwenye kifaa kimoja. Ulitakiwa uchukue nafasi ya Airwave kufikia mwisho wa 2019. Tarehe imesogezwa mara kadhaa, na sasa inayotajwa ni 2029. Hadi hapo zimamoto wa London akishuka Moorgate au King's Cross ataendelea kutegemea Airwave, redio iliyofika huko miaka 20 baada ya kuombwa, na wanaosimamia ESN wana wajibu wa kutomfanya asubiri muda kama ule tena.